Kutoka Pishi hadi Wavuti: Historia ya Maelezo Sanifu ya Bidhaa katika Kariakoo na Magomeni, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya maelezo sanifu ya bidhaa katika eneo la biashara la Kariakoo na makazi jirani ya Magomeni jijini Dar es Salaam. Uchunguzi unaanzia katika biashara ya misafara ya karne ya 19 na kuishia katika muundo sanifu wa kueleza bidhaa kwenye kurasa za wavuti, ulioundwa kati ya mwaka 2008 na 2014. Hoja kuu ni kwamba kila muundo wa maelezo hubeba uamuzi kuhusu nani anaeleza bidhaa, kwa kipimo gani na kwa faida ya nani. Miundo iliyompa muuzaji faida iliyoonekana ilidumu, ilhali ile iliyomfanya aonekane kwa dola bila kumwongezea mteja ilikwepwa. Makala yanahitimisha kwamba muundo wa wavuti una nafasi ya kupokea desturi za biashara za Waswahili, ila nafasi hiyo haitajazwa na mtu mwingine kwa niaba yao.

1.0 Utangulizi

Katoni ya sabuni ya mche inayonunuliwa asubuhi Kariakoo huvuka bonde la Jangwani na kufika Magomeni kabla ya adhuhuri. Njiani haibadiliki, lakini maelezo yake hubadilika mara tatu. Kwa muuzaji wa jumla ni katoni. Kwenye duka la rejareja la Magomeni Mapipa ni mche mmoja mmoja. Kwa mteja mwenye fedha kidogo ni kipande, yaani sehemu ya mche iliyokatwa kwa kisu mbele ya macho yake. Mafuta ya kula hupitia safari kama hiyo: hutoka kwenye dumu yakawa lita, kisha yakawa mafuta ya kupima. Umbali wenyewe ni vituo vichache vya mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kutoa huduma katika Barabara ya Morogoro mwaka 2016.

Safari hiyo fupi inaibua swali ambalo wabunifu wa teknolojia ya wavuti walikabiliana nalo kwa namna yao: je, bidhaa moja inaweza kuelezwa kwa namna moja itakayoeleweka kwa mtu asiyemjua muuzaji, na hata kwa kompyuta isiyomjua yeyote? Jibu lao lilikuwa muundo sanifu wa alama zinazoambatanishwa na maandishi ya ukurasa wa wavuti ili mashine itambue lipi ni jina la bidhaa, ipi ni bei, na kipi ni kipimo. Maandiko kuhusu muundo huo hueleza zaidi ufundi wake. Makala haya yanauweka ndani ya historia ndefu ya mji mmoja wa Kiafrika uliokwisha kupokea, kurekebisha na wakati mwingine kukwepa miundo kadhaa ya aina hiyo.

Neno "muundo" katika makala haya lina maana ya utaratibu wowote unaokubaliwa na watu wengi wa kutaja sifa za bidhaa kwa mpangilio unaojirudia. Kwa maana hiyo, jina la kanga, orodha ya bei ya serikali na alama za mistari kwenye pakiti ya majani ya chai ni miundo, kama ilivyo kwa alama za ukurasa wa wavuti.

2.0 Majina ya Nguo na Shanga katika Karne ya 19

Kabla ya Dar es Salaam kuwa mji mkubwa, pwani ilikuwa na msamiati mpana wa biashara. Nguo zilipimwa kwa mkono, yaani dhiraa. Mikono minne ilifanya shuka na shuka mbili zilifanya doti. Kitambaa kizima kiliitwa jora au gora, na urefu wake ulitofautiana kulingana na aina ya nguo. Nafaka zilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja. Pembe za ndovu na karafuu zilipimwa kwa frasila, ambayo ilikaribia ratili 35.

Vipimo hivyo viliambatana na majina yaliyokuwa na maelezo ndani yake. Pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyotoka Massachusetts iliitwa merikani, kwa kuwa ililetwa na wafanyabiashara wa Marekani waliotia nanga Unguja kwa wingi baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya nchi yao na Sayyid Said. Kitambaa cha rangi ya nili kiliitwa kaniki. Burton (1860), katika maelezo yake ya biashara ya bara, alitaja takribani aina 400 za shanga, kila moja ikiwa na jina, thamani na mahali ilipopendwa. Aina moja ya shanga nyekundu, samesame, ilikuwa na jina la utani lenye maana ya kivunja mji, kutokana na jinsi ilivyotamaniwa.

Jambo la kuzingatia hapa ni mwelekeo wa maelezo. Prestholdt (2008) ameonesha kwamba watengenezaji wa nguo wa Salem na kwingineko walilazimika kufuata matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki kuhusu ubora, rangi na upana. Maelezo yalianzia kwa mnunuzi wa bara, yakapitia kwa kiongozi wa msafara na tajiri wa Unguja, hatimaye yakafika kiwandani ng'ambo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipopunguza merikani, viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Bombay, viliiga kitambaa hicho. Jina likaendelea kutumika ingawa nchi ya asili haikuwa ile tena. Merikani lilikuwa limeacha kutaja mahali na kuanza kutaja sifa.

Kwa hiyo, muundo wa karne ya 19 ulikuwa na nguvu mbili: ulijua kipimo kilichotumika mkononi na ulitunzwa na watu waliofaidika nao. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ulimtegemea mtu. Mgeni asiye na mwenyeji hakuweza kuusoma, na aliyekosea jina la shanga aliweza kubaki njiani na mzigo usionunulika.

3.0 Kanga kama Maelezo Yanayosomeka

Kanga ilileta hatua nyingine. Nguo hii, iliyoenea pwani tangu mwishoni mwa karne ya 19, ina sehemu tatu zinazojulikana kwa kila mtumiaji: pindo, mji na jina. Jina ni maandishi yaliyochapwa chini ya mji, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Mara nyingi kanga huuzwa kwa doti, neno ambalo hapo awali lilitaja urefu wa mikono minane na sasa linataja jozi. Kipimo kilibaki, maana ikasogea.

Kwa mtazamo wa historia ya maelezo ya bidhaa, kanga ni mfano wa pekee kwa sababu maelezo yake yamechapwa juu ya bidhaa yenyewe. Mnunuzi anayefika katika maduka ya Mtaa wa Uhuru anaweza kuitaja kanga anayoitaka kwa jina bila kuiona, na muuzaji akaitoa kwenye rafu. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887, iliweka kwenye kanga zake alama ya Mali ya Abdulla, na alama hiyo ikawa dhamana ya ubora kwa wanunuzi wa pande zote za pwani. Baada ya uhuru, viwanda vya Tanzania viliendeleza utaratibu huo, kikiwemo kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Katika kanga kuna mambo matatu ambayo wabunifu wa wavuti waliyatafuta miaka mingi baadaye: kitambulisho cha toleo, jina la mwenye dhamana na kipimo cha kuuzia. Tofauti ni kwamba jina la kanga lina kazi nyingine, kwani mvaaji hulitumia kusema na jirani, mume au wifi. Maelezo ya bidhaa na ujumbe wa mtu vimekaa mahali pamoja bila kugombana. Hali hiyo inaonesha kwamba usanifu wa umbo hauhitaji kuondoa maana za ziada, mradi kila sehemu iwe na mahali pake panapojulikana.

4.0 Dola kama Mwelezaji wa Bidhaa

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita ikawa soko kuu la Waafrika mjini. Makazi ya Magomeni yaliendelezwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kuwapokea Waafrika waliozidi kuongezeka, na tangu hapo mahitaji ya kaya za Magomeni yamefungamana na maghala ya Kariakoo.

Vita vya Pili vilileta maelezo ya bidhaa ya aina mpya, yaani mgao. Brennan (2012) anaeleza jinsi mgao wa vyakula na nguo Dar es Salaam ulivyopangwa kwa misingi ya rangi, hivyo kwamba aina ya chakula aliyostahili mtu ilitokana na kundi aliloandikishwa. Orodha ya bidhaa ikawa pia orodha ya watu. Funzo hilo halikusahaulika kwa urahisi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, dola huru ilichukua biashara ya jumla kupitia Shirika la Biashara la Taifa. Mwaka 1973 Tume ya Bei ya Taifa ilipewa mamlaka ya kupanga bei, na orodha ya bidhaa zilizodhibitiwa ikaongezeka hadi kufikia maelfu. Ili kupanga bei ya sabuni, Tume ililazimika kwanza kuamua sabuni ipi, ya uzito gani, katika kifungashio gani na katika mkoa gani. Kazi ya bei ikawa kazi ya maelezo. Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, mwaka uleule ambao jengo jipya la Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa. Kwa upande wa mizani, Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 iliweka msingi wa ukaguzi ambao tangu mwaka 2002 unasimamiwa na Wakala wa Vipimo.

Mafanikio ya miundo hii hayakulingana. Kilo na lita zilikubaliwa kwa kiasi kikubwa kwa kuwa zilimlinda mnunuzi na pia muuzaji mwaminifu. Hata hivyo, debe na baadaye sado, ndoo ndogo ya plastiki, viliendelea kutumika sokoni kwa nafaka, viazi na nyanya. Sababu ni ya kiutendaji: chombo huonekana kikijaa, wakati mizani humtaka mteja amwamini mwenye mizani. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, liliendelea kuwa mgogoro kati ya mkulima na mchuuzi kwa sababu neno "gunia" lilitaja chombo bila kutaja uzito.

Orodha za bei zilipata matatizo makubwa zaidi. Bidhaa zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei iliyoandikwa na bei iliyolipwa ziliachana. Katika kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, mfanyabiashara aliyekutwa na shehena alitakiwa kuieleza, na maelezo yasiyoridhisha yaliweza kumpeleka kizuizini. Katika mazingira hayo kuficha bidhaa kulikuwa pia kuficha maelezo yake. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti na kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika miaka iliyofuata udhibiti wa bei uliondolewa hatua kwa hatua. Nguo za mitumba zikajaa sokoni zikiwa na msamiati wake wa belo na gredi, ambao haukutungwa na ofisi yoyote.

5.0 Alama za Mistari

Tarehe 26 Juni 1974, pakiti ya pipi za kutafuna ilipitishwa kwenye kisomeo katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa matumizi ya kawaida ya alama za mistari katika mauzo ya rejareja. Namba iliyo chini ya alama hizo haielezi chochote kuhusu bidhaa. Kazi yake ni kuitofautisha na nyingine zote, na maelezo huwekwa kwenye hifadhidata ya mwenye duka.

Kwa Tanzania, namba hizo zilikuja na suala la uwakilishi. Kabla ya kuundwa kwa GS1 Tanzania mwaka 2011, wazalishaji wa nchini waliohitaji alama walizipata kupitia nchi nyingine, zikiwemo Kenya na Afrika Kusini, na bidhaa zao zikabeba tarakimu za awali za nchi hizo. Kuanzia mwaka 2011 wazalishaji wangeweza kusajiliwa nchini kwa tarakimu 620. Ni kweli kwamba tarakimu hizo hutaja mahali kampuni iliposajiliwa na hazithibitishi mahali bidhaa ilipotengenezwa. Hata hivyo, mjadala wa hadhara ulizichukua kama uraia wa bidhaa. Kama ilivyokuwa kwa merikani, alama iliyokusudiwa jambo moja ilisomwa kwa maana nyingine, safari hii kutoka kitambulisho kwenda asili.

Alama za mistari zinatambua ngazi za vifungashio. Katoni hupewa namba yake na pakiti iliyomo ndani hupewa namba nyingine. Zinachoshindwa kutambua ni kile kinachotokea Magomeni, pale pakiti inapofunguliwa au mche unapokatwa. Kipande cha sabuni hakina namba, na mafuta ya kupima hayana pakiti. Kwa hiyo muundo unafuata bidhaa hadi kwenye kaunta ya duka dogo, kisha unaiacha hapo, mahali ambapo kaya nyingi huanza kuinunua.

6.0 Muundo wa Wavuti, 2008–2014

Lugha ya alama ya HTML, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, Uswisi, ilikuja hadharani mwaka 1991. Alama zake zilitaja sehemu za maandishi: kichwa, aya, orodha, kiungo. Tarakimu 5000 iliyoandikwa kwenye ukurasa haikuwa na tofauti kwa kompyuta iwapo ni bei, uzito au idadi ya bidhaa ghalani. Msomaji alitambua kwa muktadha, mashine haikutambua.

Majaribio ya kuziba pengo hilo yalikuwa kadhaa. La maana zaidi kwa bidhaa lilikuwa GoodRelations, msamiati uliochapishwa mwaka 2008 na Martin Hepp, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Jeshi la Shirikisho, München, Ujerumani. Hepp hakuanza na bidhaa. Alianza na mahusiano matatu: mtu au taasisi, ahadi na kitu. Muuzaji hutoa ahadi kuhusu kitu, na bei, kipimo, mahali na muda ni sehemu za ahadi. Kitu chenyewe kina sifa zake, kama vile uzito na rangi, ambazo hazibadiliki kwa sababu tu muuzaji mwingine ameweka bei nyingine. Kutenganisha ahadi na kitu kulikuwa uamuzi wenye uzito, kwani kuliwezesha wauzaji elfu moja kutaja kitu kimoja kwa masharti elfu moja.

Tarehe 2 Juni 2011 kampuni za Google, Microsoft na Yahoo zilitangaza msamiati wa pamoja, schema.org. Baadhi ya wataalamu waliokuwa wamefanya kazi kwa miaka katika viwango vya wazi walilalamika kwamba kampuni za injini za utafutaji zilikuwa zimeamua peke yao. Mwezi Novemba 2012 GoodRelations iliingizwa ndani ya schema.org, na hivyo fikra ya ahadi ikapata mahali katika msamiati uliotumika zaidi. Mwaka 2014 JSON-LD, namna ya kuandika maelezo hayo kando ya maandishi yanayoonekana, iliidhinishwa kuwa pendekezo rasmi la W3C, na ikapunguza ugumu kwa waandishi wa tovuti.

Sababu ya muundo huu kuenea pale ulipoenea haikuwa ubora wa kimantiki pekee. Muuzaji aliyeweka alama alipata malipo yanayoonekana: ukurasa wake ulitokea kwenye matokeo ya utafutaji ukiwa na bei na taarifa ya kuwapo kwa bidhaa. Kwa lugha ya sehemu zilizotangulia, mwelezaji alifaidika. Lakini aliyegawa faida hiyo ni injini ya utafutaji, ndiyo iliyoamua sifa zipi ni za lazima na zipi hazihesabiki.

7.0 Kariakoo mbele ya Muundo

Muundo huo ukiwekwa kando ya desturi za Kariakoo na Magomeni, masuala manne hujitokeza.

La kwanza ni kipimo. Schema.org hutumia misimbo ya vipimo iliyopangwa na chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia urahisishaji wa biashara. Kilo ina msimbo, mita ina msimbo, jozi ina msimbo, na hivyo doti ya kanga inaweza kuelezwa kama jozi. Debe na sado havimo. Hata hivyo, muundo umeweka sifa ya pili inayoruhusu kipimo kuandikwa kwa maneno pale msimbo unapokosekana. Mlango huo ni mdogo ila uko wazi. Linalokosekana ni makubaliano ya wenye vipimo: sado ya maharage ikikadiriwa kwa kilo ngapi, na kipande cha sabuni kikiwa sehemu ya ngapi ya mche.

La pili ni bei. Kwa kawaida muundo hutarajia bei moja, ingawa unaruhusu kutaja kiwango cha chini na cha juu. Katika maduka mengi ya Kariakoo, bei inayotajwa kwanza ni mwaliko wa mazungumzo, na bei ya mwisho hutegemea idadi, mazoea na saa ya siku. Wauzaji wanaotangaza kwa picha kwenye Instagram na WhatsApp wameendeleza desturi hiyo: wengi humtaka mteja aulize bei kwa ujumbe wa faragha. Si haki kuichukua tabia hiyo kuwa upungufu wa elimu ya kidijiti. Ahadi inatolewa, ila inatolewa kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Fikra ya Hepp ya kutenganisha ahadi na kitu inaafikiana na desturi hiyo kuliko ukurasa wa duka la kawaida la mtandaoni unaobandika bei moja kwa wote.

La tatu ni lugha. Majina ya sifa katika schema.org ni ya Kiingereza, lakini thamani zake zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili na lugha ikatajwa kwa msimbo wa sw. Ugumu uko katika mofolojia. Kitenge na vitenge, ukili na kili, mkeka na mikeka ni maumbo ambayo mashine iliyozoea viambishi vya mwishoni haiyaunganishi kwa urahisi, kwa kuwa Kiswahili hubadili mwanzo wa nomino. Baraza la Kiswahili la Taifa na taasisi za vyuo vikuu zimesanifu istilahi za taaluma nyingi. Msamiati wa soko, wenye gora, belo, dumu na mche, haujapangwa kama data inayoweza kutumiwa na mashine.

La nne, na zito zaidi, ni hofu ya kuonekana. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilianza kutumika mwaka 2010 na zilifanya kila mauzo kuwa rekodi inayomfikia mtoza kodi. Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa utaratibu wa kusajili stoo na mwenendo wa ukaguzi wa kodi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwezi Juni 2024 maduka yalifungwa tena. Migogoro hiyo ilihusu kodi, lakini chini yake kulikuwa na suala la maelezo: nani atajua kuna nini ndani ya stoo, kwa undani gani, na taarifa hiyo itatumikaje. Mfanyabiashara anayekumbuka mwaka 1983, au aliyesimuliwa na mzazi wake, hahitaji kufafanuliwa kwamba maelezo yanayosomeka na mteja yanaweza kusomwa pia na mkaguzi.

Ni katika muktadha huu ambapo kutokuenea kwa muundo wa wavuti katika biashara ya Kariakoo kunapata maelezo ya kihistoria. Gharama ya kujieleza inamwangukia muuzaji mara moja, huku faida ikitegemea wanunuzi wanaotafuta kwa injini. Majukwaa makubwa ya mauzo yangeweza kubeba gharama hiyo kwa niaba yake, lakini hayana uhakika wa kudumu: Jumia ilisitisha shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Maelezo yaliyotunzwa ndani ya jukwaa hupotea jukwaa linapoondoka, tofauti na jina la kanga ambalo hubaki kwenye nguo. Moto uliounguza Soko la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021 ulikumbusha upande wa pili wa jambo hilo. Mali inapoteketea, thamani yake huthibitishwa kwa rekodi, na asiye na rekodi hubaki na neno lake tu.

8.0 Hitimisho

Historia iliyochunguzwa inaonesha kwamba maelezo sanifu ya bidhaa si jambo geni Kariakoo wala Magomeni. Yaliyobadilika ni mwenye kalamu. Katika karne ya 19 kalamu ilikuwa mikononi mwa wanunuzi na wasafirishaji, na viwanda vya ng'ambo vikafuata. Kwenye kanga, mtengenezaji na mvaaji waliigawana. Wakati wa mgao na wa Tume ya Bei iliishikwa na dola, na wakati wa alama za mistari ilishikwa na wazalishaji wenye vifungashio. Katika wavuti imeshikwa kwa sehemu kubwa na kampuni za utafutaji.

Pishi na mgao vilieleza nafaka ileile. Cha kwanza kilidumu kwa vizazi kwa sababu kila aliyekitumia aliweza kukihakiki kwa macho. Cha pili kiliachwa mara tu kulazimishwa kulipokoma. Kipimo hicho ndicho kinachofaa kutumiwa kuukadiria muundo wa wavuti katika mazingira haya: je, mama wa Magomeni anayenunua kipande cha sabuni na muuzaji anayemkatia wanaweza kuyahakiki maelezo hayo na kufaidika nayo?

Kwa upande wa ufundi, muundo uliopo hauzuii jibu la ndiyo. Unatenganisha ahadi na kitu, unaruhusu kiwango cha bei, unapokea kipimo cha maneno na unapokea Kiswahili. Kazi iliyobaki ni ya kijamii na kitaaluma. Inahitaji orodha ya vipimo vya soko iliyokubaliwa na wafanyabiashara, Wakala wa Vipimo na wanaleksikografia, pamoja na mipaka ya wazi kuhusu matumizi ya taarifa anazotoa muuzaji kwa mteja. Bila orodha hiyo, sabuni ya mche itaendelea kuelezwa na wengine kama katoni. Bila mipaka hiyo, wenye stoo wataendelea kufunga milango kila wanapoombwa kusema kilichomo ndani.